Usiguse Karatasi ya Mwanafunzi: Mwongozo wa Kufundisha Kuchora

Walimu wengi wa sanaa wanajua kuchora. Kinachowashinda ni kutulia mikono nyuma huku mwanafunzi akikosea mbele ya macho yao. Mkono unawawasha. Wanaichukua penseli ya mwanafunzi, wanapiga mistari miwili mitatu, kikombe kinakaa sawa, mwanafunzi anasema asante. Na hapo hajajifunza kitu. Kesho akipewa kikombe kingine atakosea palepale, maana aliyeliona kosa ni mwalimu na aliyelirekebisha ni mwalimu huyohuyo.

Mwongozo huu unasimama juu ya sharti moja: mwanafunzi ndiye alione kosa lake, na mwanafunzi ndiye alirekebishe. Mengine yote yanafuata hapo, kuanzia unavyoweka taa hadi unavyotoa alama. Ninazungumzia zaidi kuchora kwa kutazama kitu halisi kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia. Rangi nitaifikia baadaye.

Hatua ya 1: Panga chumba kabla ya kupanga somo

Zima taa zote ubakize moja, iwe juu kidogo na upande mmoja wa vitu vitakavyochorwa. Taa nyingi za dari ama hufuta vivuli, ama huzaa vivuli vitatu vitatu vinavyopingana, na anayeanza hajui afuate kipi. Ukitumia dirisha, chagua lisiloingiza jua moja kwa moja. Jua linahama, na kivuli ambacho mwanafunzi alianza nacho hakitakuwepo kipindi kikikaribia kwisha.

Karatasi isilale bapa mezani. Ikilala, sehemu yake ya juu inakuwa mbali na jicho kuliko ya chini, na mchoraji anarefusha vitu bila kujua: chupa inakuwa ndefu, uso unachongoka. Akija kuisimamisha ukutani anashangaa kitu kimeharibikaje. Stendi za kuchorea ni nzuri kama zipo, lakini ubao mwepesi uliowekwa mapajani na kuegemezwa ukingo wa meza unafanya kazi ileile. Mwanafunzi akae mahali ambapo anaona kitu na karatasi kwa kuhamisha macho tu, si kwa kugeuza shingo. Anayetumia mkono wa kulia mwanga umtokee kushoto, na wa mkono wa kushoto umtokee kulia, ili mkono wenyewe usiangushe kivuli pale anapochora. Jambo dogo, lakini wanaotumia mkono wa kushoto husahaulika karibu kila darasa.

Kuhusu vifaa, vichache na vya kawaida. Penseli za H ni ngumu na mstari wake ni hafifu. Za B ni laini na nyeusi, na namba ikipanda, ulaini unaongezeka. Mwanafunzi mwenye HB peke yake, ile iliyo katikati ya H na B, hawezi kufika kwenye weusi wa kweli hata akandamize vipi, mchoro wake utabaki wa kijivu, naye atadhani ni udhaifu wake. Mpe 2B na 6B. Kwa masomo ya mwanzo mimi napendelea mkaa wa kuchorea, kwa sababu mkaa haukubali kuchora kope za jicho. Unamlazimisha mtu aanze na maumbo makubwa. Karatasi iwe kubwa, A3 kwenda juu, rahisi na nyingi. Karatasi ya gharama humtia mtu woga, na mwenye woga anachora mistari midogo midogo yenye manyoya. Karatasi nzito tunza kwa ajili ya rangi za maji: ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba inayotumika kwenye printa hujikunja ikilowa, wakati ya gramu 300 inavumilia.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, wachore kabla hujasema neno

Weka kiti au viatu viwili mbele yao, wape dakika 20, kaa kimya. Usirekebishe chochote. Wakimaliza waandike tarehe nyuma ya karatasi, wewe kusanya na kutunza. Michoro hii ina kazi mbili. Ya kwanza, inakuonyesha kila mmoja anaanzia wapi: nani anachora vidogo kwenye kona, nani anafuta kila mstari, nani ana mkono mwepesi lakini hatazami kitu. Ya pili itakuja mwishoni.

Atakuwepo atakayesema "mimi sina kipaji". Usibishane naye kuhusu kipaji, mjadala huo hauna mwisho. Mwulize ni sehemu gani ya kiti iliyomshinda. Akisema "miguu ya nyuma", tayari mna somo.

Hatua ya 3: Mwondoe kwenye kuchora anachokijua

Anayeanza hachori anachokiona. Anachora anachokijua. Anajua jicho lina umbo la samaki na mboni katikati, kwa hiyo anachora samaki mwenye mboni, hata kama mtu aliye mbele yake ametazama chini na jicho limekuwa ufa mwembamba. Anajua kiti kina miguu minne yenye urefu sawa, basi anaichora sawa, na kiti kinaonekana kinaelea. Kumwambia "chora unachokiona" hakusaidii kwa sababu anaamini ndicho anachokifanya. Anahitaji zoezi linaloufungia ujuzi huo nje ya mlango.

Matatu yanatosha kwa wiki za mwanzo. La kwanza ni kuchora ukingo wa kitu bila kutazama karatasi kabisa. Jicho litembee kwenye ukingo wa mkono wake wa pili, polepole mno, na penseli itembee kwa mwendo uleule. Mchoro utakuwa kichekesho, vidole vitapishana, darasa zima litacheka, na kicheko hicho kinafaa. Mtazamie kitu kingine: angalia kama mstari una mikunjo halisi ya ngozi pale kwenye viungo. Ikiwepo, zoezi limefanya kazi, hata kama vidole vimetoka sita.

La pili ni kunakili mchoro wa mistari uliogeuzwa juu chini. Ukigeuzwa, pua si pua tena. Ni mstari unaopinda kulia kisha unarudi. Mara nyingi mtu huchora vizuri zaidi hivyo kuliko ukiwa wima, na hiyo humvunjia dhana ya "sina kipaji" haraka kuliko hotuba yoyote ya mwalimu. Wasiugeuze kabla hawajamaliza. Wataibia tu, simama karibu.

La tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote: kuchora uwazi. Weka kiti chenye fito mgongoni juu ya meza. Kazi ni kutochora kiti. Wachore vipande vya hewa vilivyo kati ya fito, kipande kilicho kati ya miguu, na pembe tatu iliyo kati ya mguu wa nyuma na ukingo wa karatasi. Hakuna anayejua hewa iliyo kati ya miguu ya kiti "inatakiwa" iweje, kwa hiyo hana la kufanya ila kuangalia. Vipande vyote vikishakaa, kiti kinajitokeza chenyewe, na miguu ya nyuma iliyomshinda siku ya kwanza imekaa mahali pake. Rudia zoezi hili kila mara darasa linapokwama. Ukiona mwanafunzi anahangaika na mkono uliowekwa kiunoni, usizungumzie mkono. Mwonyeshe ule uwazi wa pembe tatu kati ya mkono na kiwiliwili umwulize una umbo gani.

Katikati ya hayo changanya michoro ya haraka: sekunde 30, dakika 1, dakika 2. Mwenzao mmoja asimame mbele na kubadilisha mkao kila muda unapokwisha. Hapa hakuna nafasi ya kupamba. Mwanafunzi anakamata mwelekeo wa mgongo, mguu gani umebeba uzito, kichwa kimeinama wapi, basi.

Hatua ya 4: Mpe njia ya kupima

Mtu hawezi kuona kosa lake bila kitu cha kupimia. Kipimo chenyewe ni penseli. Anaishika mbele yake, mkono umenyooka kabisa, kiwiko kimekaza, jicho moja limefumbwa. Ncha ya penseli inagusa mwanzo wa kitu, ukucha wa kidole gumba unatelezeshwa hadi mwisho wake. Urefu huo analinganisha na mwingine: upana wa chupa unaingia mara ngapi kwenye kimo chake? Kiwiko kikilegea, penseli inasogea karibu na jicho na vipimo vyote vinaharibika. Ndiyo maana lazima mkono unyooke kila mara. Hili litakubidi uliseme hadi uchoke.

Penseli hiyohiyo ikishikwa wima inaonyesha kipi kiko chini ya kipi. Ncha ya pua iko juu ya kidole kipi cha mguu? Ikishikwa mlalo inaonyesha mteremko wa bega.

Somo la uso ndilo linalothibitisha kipimo kuliko mengine. Karibu kila anayeanza huweka macho juu sana, karibu na nywele, kwa sababu mambo yote ya kuvutia yako kati ya macho na kidevu, na paji pamoja na fuvu vinaonekana havina maana. Usiwaambie. Waache wapime kichwa cha mwenzao kutoka kidevuni hadi utosini, watafute nusu yake iko wapi. Watakuta iko kwenye mstari wa macho, au karibu sana nao. Wengi hupima mara mbili wakidhani wamekosea.

Hatua ya 5: Namna ya kusahihisha

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kazi ya ualimu ilipo.

Mwanafunzi amechora kikombe. Mdomo ameuchora duara kamili, kana kwamba anakichungulia kutoka darini. Kitako amekipiga mstari ulionyooka. Anahisi kuna kitu hakijakaa, ila hajui ni nini.

"Mwalimu, kikombe changu kimekaa vibaya."

Usimjibu ukiwa umesimama. Mwambie, "Nipishe kidogo nikae." Ukisimama, jicho lako liko juu kuliko lake, na unaona mdomo wa kikombe ukiwa mpana kuliko anavyouona yeye. Utamrekebishia kikombe ambacho hakipo mbele yake. Nimeona mabishano marefu darasani ambayo chanzo chake kilikuwa hiki tu: watu wawili wanatazama vikombe viwili tofauti. Kaa, tazama, kisha mrudishie kiti.

"Hapo ulipokaa, unaona ndani ya kikombe kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Na kwenye mchoro wako?"

Anatazama. "Naona chote."

"Haya, pima mdomo. Upana wake, halafu kimo cha ule uwazi."

Ananyoosha mkono, anafumba jicho. "Kimo kinaingia mara nne kwenye upana."

"Kwenye karatasi je?"

"Vimelingana, mwalimu."

Hapo nyamaza. Ukimya huu ni mgumu, maana umeshajua jibu nawe unatamani kulisema. Mwache. Atachukua penseli mwenyewe na kuchora duaradufu nyembamba. Asifute lile duara la mwanzo. Mstari mpya ukae kando ya wa zamani ili auone umbali kati ya alichodhani na alichokipima. Mimi masomo ya mwanzo huwa nakusanya vifutio vyote mlangoni. Wananung'unika, halafu wanazoea.

Kisha kitako. "Kwa nini umekinyoosha?" Atakujibu kwa uhakika: "Si kimekaa juu ya meza? Meza ni bapa." Hilo ndilo jibu la mtu anayechora anachokijua. Mwambie ashike penseli mlalo iguse sehemu ya chini kabisa ya kitako, halafu atazame pembeni. Ataona pande zote mbili zinapanda juu ya penseli. Kitako kimepinda. Mwulize kipi kimepinda zaidi, mdomo au kitako, na umwache abahatishe kabla ya kutazama. Wengi husema mdomo. Jibu ni kitako, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho. Asikuamini kwa maneno: mpe glasi ya kioo iliyojazwa maji nusu, aone mikunjo mitatu kwa pamoja, mdomo, uso wa maji na kitako, kila mmoja umepinda zaidi kuliko ulio juu yake. Halafu aiinue glasi polepole hadi mdomo ufike mbele ya macho yake. Duaradufu inafumba, inafumba, inakuwa mstari. Mtu akishaliona hilo mara moja halimtoki tena.

Ondoka kabla hajamaliza kurekebisha. Ukibaki umemsimamia, atakuwa anachora kwa ajili ya uso wako.

Kanuni ninazozifuata ninapozunguka darasani ni chache. Mzunguko wa kwanza napita bila kusema, natazama tu. Mzunguko wa pili nazungumza jambo moja kwa kila mtu, lile kubwa zaidi, hata kama nimeona makosa saba. Kama kichwa ni kikubwa kupita mwili, haina faida kuzungumzia vivuli vya pua. Na sifa iwe na anwani: "nzuri" haimwambii kitu, lakini "mteremko wa bega hili umeukamata" unamwambia arudie nini kesho.

Je, hakuna wakati wowote wa kumchorea? Upo, ila si kwenye karatasi yake. Beba karatasi chakavu, chora pembeni kile unachotaka kumwonyesha. Au tandika karatasi nyepesi inayopitisha mwanga juu ya kazi yake, chora hapo, aone, kisha uiondoe. Kazi yake inabaki yake.

Hatua ya 6: Onyesha, kisha ficha

Kumwonyesha mwanafunzi unavyofanya ni lazima. Hakuna aliyejifunza kushika mkaa kwa kusikiliza. Chora mbele yao dakika 10, huku ukisema unachokiwaza kwa sauti, pamoja na mashaka yako: "Hapa nadhani nimeufanya mpana, ngoja nipime." Wakikuona unapima na kurekebisha wataelewa kwamba kurekebisha ni sehemu ya kuchora, si adhabu. Ukimaliza, ondoa mchoro wako. Ukiubandika ubaoni, nusu ya darasa watauchora huo badala ya kitu kilicho mezani, na utakusanya nakala hafifu za mkono wako.

Kunakili kazi za mabingwa ni jambo tofauti na linafaa, mradi mwanafunzi aende na swali: vivuli hivi vimepangwaje, mstari huu umekatikia wapi na kwa nini. Kuchora kwa kutazama picha za simu nalichelewesha. Kamera imeshamfanyia ile kazi ya kulaza kitu bapa, kazi ambayo ndiyo anayotakiwa kujifunza, na mara nyingi imeua maelezo yaliyomo ndani ya vivuli.

Hatua ya 7: Mwanga na kivuli

Kabla ya kitu chochote chenye umbo, waandae kipande cha visanduku vitano: cheupe cha karatasi mwanzoni, cheusi kabisa mwishoni, na vitatu katikati vinavyopishana kwa hatua sawa. Kinaonekana kirahisi hadi wakifanye. Kawaida visanduku vya katikati vinasongamana upande wa mwanga, na cheusi kinakuwa cha kijivu. Rudia hadi kipande kitulie, kisha akiweke kando ya karatasi yake awe anakitumia kama rula.

Sasa weka yai juu ya karatasi nyeupe chini ya ile taa moja. Wafinye macho. Macho yakifinywa, madoido yanapotea na yanabaki mafungu makubwa mawili, la mwanga na la kivuli. Mpaka kati ya mafungu hayo ndio wauchore kwanza, waujaze upande wa kivuli kwa kiwango kimoja, ndipo waanze kutafuta tofauti ndani yake.

Mtego uko pale chini ya yai, ambapo mwanga unaodunda kutoka kwenye karatasi unaangaza kidogo ndani ya kivuli. Jicho likishauona linauona mkali mno, na mwanafunzi anauacha mweupe, yai linakuwa kama limetobolewa. Mwambie afinye macho tena alinganishe na upande wa taa. Kitu kilicho ndani ya kivuli kisiwe cheupe kuliko kilicho kwenye mwanga. Na wakataze kusugua kwa kidole, angalau kwa sasa. Kusugua hulainisha kila kitu hadi yai na meza vinakuwa ukungu mmoja.

Hatua ya 8: Rangi, polepole

Usiwape sahani yenye rangi 12. Anza na nyeusi na nyeupe tu, wapake lile yai. Wanaoweza kupanga viwango vya giza kwa brashi wataiweza rangi. Wasioweza, hakuna rangi itakayowaokoa. Kisha rangi mbili na nyeupe: buluu ya ultramarini na kahawia iliyoungua. Mbili hizi zikichanganywa hutoa weusi mzito, na zikiongezwa nyeupe hutoa kijivu cha baridi au cha joto kulingana na ipi imezidi. Kwa hizo tatu mtu anaweza kupaka chumba kizima. Baada ya hapo nenda kwenye mpangilio unaohusishwa na mchoraji wa Sweden Anders Zorn: manjano ya oka, nyekundu ya vermilioni, nyeusi na nyeupe. Wanafunzi hushtuka wakiona nyeusi na nyeupe zinatoa kijivu ambacho, kikikaa kando ya nyekundu, kinasomeka kama buluu.

Malalamiko utakayoyasikia ni "rangi yangu imekuwa tope". Chanzo kwa kawaida ni kimoja kati ya vitatu: rangi nyingi mno kwenye mchanganyiko mmoja, rangi zinazokabiliana kama nyekundu na kijani kuuana, au maji machafu. La maji litatue kwa vikopo viwili, kimoja cha kuoshea brashi, kingine cha kuchukulia maji safi.

Lakini kuna malalamiko mengine, "rangi hii haitoki kama nilivyoichanganya", na hapa mara nyingi mchanganyiko hauna kosa. Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul alikutana na tatizo hilohilo katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins: watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu. Alizipima akakuta rangi yenyewe haina tatizo. Rangi zilizokaa kando yake ndizo zilizoifanya ionekane hivyo. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake kuhusu rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Msanii Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani na baadaye Black Mountain College na Yale huko Marekani, aliligeuza jambo hili kuwa zoezi la karatasi za rangi: fanya rangi moja ionekane mbili. Kata vipande viwili vidogo kutoka karatasi ileile, kimoja kiweke juu ya mandhari meusi, kingine juu ya meupe au ya rangi kali. Wape kipindi kizima wahangaike nalo. Baadaye mwanafunzi akija na rangi iliyomkataa, mwulize: imekaa kando ya nini?

Kuhusu usalama, kwa ufupi: mafuta ya tapentaini na dawa ya kupulizia ya kugandisha mkaa vitumike penye hewa inayopita, na hakuna kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Baadhi ya rangi zina kadimiamu, metali yenye sumu.

Hatua ya 9: Kutazama kazi pamoja

Bandika kazi zote ukutani, kwa kimo kimoja, bila kuzipanga kwa ubora. Mwenye kazi akae kimya mwanzoni. Raundi ya kwanza wengine wanasema wanachokiona tu: "naona kona ya kulia ni nyeusi kuliko sehemu nyingine", "jicho langu limeenda kwanza kwenye mpini". Maneno "nzuri" na "mbaya" yamepigwa marufuku. Raundi ya pili mwenye kazi anasema alikusudia nini. Kama watu wote jicho liliwaenda mpini na yeye alikusudia glasi, ameshapata jibu lake, na halikutoka kwako.

Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kazi zao kwenye kioo, kwa sababu ikigeuzwa unaiona kama ya mtu mwingine na makosa yanajitokeza. Leo simu inafanya hivyohivyo: piga picha, igeuze kushoto kulia, ipunguze iwe ndogo kama stempu. Ndogo hivyo, mpangilio wa giza na mwanga ama unasomeka ama hausomeki.

Umri unabadilisha nini

Yote niliyoeleza ni kwa vijana na watu wazima. Mtoto wa miaka sita anayechora nyumba yenye kuta unazoona ndani, jua kwenye kona na anga kama utepe juu ya karatasi, hakosei. Mwalimu wa sanaa Viktor Lowenfeld alizieleza hatua hizi za uchoraji wa watoto mwaka 1947, na walimu wengi bado wanaziona darasani zilivyo. Usimfundishe kupima. Mpe rangi, nafasi kubwa, na umwulize anachora nini. Kuanzia miaka tisa hivi hadi kumi na miwili huja kipindi kingine: mtoto anaanza kuona kwamba mchoro wake haufanani na kitu, anauchukia, anaacha. Hapo ndipo zoezi la uwazi na lile la kugeuza juu chini hubeba uzito wake wote.

Watu wazima wana shida kinyume. Wanataka matokeo ya kubandika ukutani kufikia wiki ya pili. Wape michoro ya haraka kwa wingi hadi waache kuthamini karatasi moja moja.

Alama

Ukilazimika kutoa alama, usipime kipaji. Tangaza mapema utakachotazama: je, vipimo vinashika, viwango vya giza vimetanda kutoka cheupe hadi cheusi, na masahihisho yake yanaonekana kwenye karatasi. La mwisho liwe na uzito mkubwa. Karatasi safi isiyo na mstari hata mmoja uliorekebishwa ninaitilia shaka.

Kwa kazi ya mwisho, mwanafunzi apange mwenyewe vitu mezani, achague mwenyewe taa iwe upande gani, achore vipindi viwili. Akimaliza aandike nyuma ya karatasi sehemu tatu ambazo angezirekebisha na amezijuaje. Wewe soma nyuma kwanza kabla hujatazama mbele. Kama alichokiandika ndicho unachokiona, toa alama upite. Kama amekosa kosa kubwa, usiliandike wewe. Mrudishie karatasi, akae kwenye kiti kilekile, apime tena. Ukishamaliza hayo ndipo utoe ule mchoro wa siku ya kwanza wenye tarehe, uuweke kando ya huu, umpe dakika chache peke yake na michoro hiyo miwili kabla hujauliza chochote.